Pafu la Kushoto na Kipwa Kimoja

Kama umetolewa maji kifuani kwa sindano, ukarudi nyumbani bega moja limeshuka kuliko jingine, haya nimekuandikia wewe. Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tano, baba alipokufa mwaka mmoja baada ya mama, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Kwa hiyo sitakueleza pafu linafanya kazi namna gani, sijui. Nitakueleza jinsi nilivyoamka kila asubuhi ya kipwa kile, miezi ya ukavu na baridi hapa Élisabethville, na ni nani aliyeniamsha.

Nyumbani kwetu, mtaa uitwao Kenya, tulikuwa watatu. Mimi, Dominiko, mdogo wangu Helena, miaka kumi na minne, na Marta, miaka saba. Nilikuwa nabeba magunia ya unga katika bulanjeri moja ya mjini, mahali pa kuoka mikate. Mvua za mwezi wa pili zilikuwa zinanyesha nilipoanza kusikia kichomi ubavuni, upande wa kushoto. Nilikibeba pamoja na magunia kwa wiki mbili. Siku niliyoshindwa kupanda ngazi tatu za ghala, wenzangu walinipeleka hospitali.

Sindano ya kwanza ilitoa maji ya rangi ya chai, chupa nzima. Ya pili ilitoa nusu. Kati ya sindano na sindano nilijifunza maisha ya benchi. Lilikuwa benchi refu la barazani. Mmoja akiitwa ndani, wote tunasogea nafasi moja. Ukisogea unakalia mahali palipoachwa na mwenzako, na pana joto lake bado. Mgonjwa anayetetemeka hukumbuka joto kama hilo miaka mingi.

Baada ya sindano ya pili, baba yetu mdogo alikuja kutoka Kasomeno kwa kamyo, lori la samaki. Ni mdogo wake marehemu baba, mfanyabiashara wa samaki, mtu wa maneno machache. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Dominiko, mi sikuje kukuongezea ugonjwa. Lakini batoto banakula nini?"

"Tunakula, Baba."

"Nimeuliza munakula nini."

Helena alijibu badala yangu, akataja ugali na majani yetu. "Bukari na matembele, Baba. Kila siku."

"Njo vile. Sikia. Kipwa ikiisha, mvua ya kwanza ikinyesha, nitakuja na kamyo. Nikikuta uko ku kazi, nitakunywa maji na nitarudi kwetu. Nikikuta uko ungali mu kitanda, nitabeba hawa babili. Si kwa ubaya."

Si kwa ubaya, kweli. Alikuwa na watoto wake sita. Marta angekaa kwake, Helena angepelekwa kwa shangazi yetu ng'ambo ya pili ya mto Luapula. Tungekuwa watatu mahali patatu. Nilikuwa nimemwahidi baba siku ya mwisho wake kwamba jambo hilo halitatokea. Tangu Baba mdogo aondoke sikuhesabu tena miezi. Nilihesabu umbali wa mvua.

Sindano ya tatu ilitoa maji kidogo tu, ya kujaza kikombe. Daktari alikuwa Mzungu aliyefika nchini karibuni, kijana, mrefu, mwenye kijitabu cha Kiswahili mfukoni. Tofauti na wengine alijitahidi kusema na sisi mwenyewe, bila mkalimani. Aliweka mkono juu ya kifua chake, akainua mabega, akasema kwa sauti kubwa:

"Maji imeisha! Sasa wewe pumuzika. Pumuzika sana! Asubuhi mara kumi, mangaribi mara kumi. Kila siku!"

Tulisikia wote watatu, mimi na Helena na Marta. Njiani tulijiuliza mtu anapumzikaje mara kumi. Mimi nilifikiri ni namna ya Wazungu ya kusema "sana". Helena, ambaye huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, hakukubali.

"Alisema kumi, Yaya. Tutafanya kumi."

Basi tulifanya kumi. Nilikuwa nalala, Helena anahesabu moja, nainuka, nakunywa uji, nalala, anahesabu mbili, mpaka zinatimia. Alifunga dirisha kwa gunia, akaingiza ndani mbabula, jiko la makaa, ili nisipate baridi. Majirani walipopita aliwaambia wapunguze sauti. Wakasifu: huyu binti anajua kutunza mgonjwa.

Nilipumzika wiki sita. Mvua ziliisha, majani yakakauka, asubuhi zikaanza kuuma vidole. Mwili wangu ulibadilika nikiuangalia. Mkono wa shati upande wa kushoto ulianza kufunika vidole, kumbe si shati lililorefuka, ni bega lililoshuka. Mbavu za upande ule zilikaribiana kama mdomo wa gunia lililoshonwa. Jioni tuliposali, Salamu Maria moja niliikata vipande vinne ili nivute hewa, na Marta alinisubiri kila kipande kwa subira, akidhani ndivyo watu wazima wanavyosali.

Mwezi wa sita nilirudi hospitali kuangaliwa. Aliyetupokea barazani alikuwa muuguzi, Monsieur Kabeya, mtu wa Kasai, mfupi, nguo zake nyeupe zimenyooshwa hadi zinasimama zenyewe. Alinitazama bega, uso ukabadilika.

"Ndugu, unafanya ile exercices munganga alikuambia?"

"Nafanya, Monsieur Kabeya. Kumi asubuhi, kumi mangaribi. Sijaacha hata siku moja."

"Onyesha."

Nilitazama kulia na kushoto. Benchi lilijaa watu. Lakini muuguzi ameamuru. Nikavua viatu, nikalala chali sakafuni mbele yao wote.

"Weye! Unafanya nini pale chini?"

"Napumuzika, Monsieur."

"Anafanya muzuri," Helena alisema, kwa fahari kidogo. "Mi njo nahesabu."

Mzee mmoja benchini alisema, "Mimi pia banipe ile dawa, nitafanya hata makumi tano," na watu wakacheka mpaka wenye vichomi wakashika mbavu. Monsieur Kabeya hakucheka. Alivua miwani.

"Alikuambia upumue. Pu-mu-a! Uvute hewa, uifukuze. Mara kumi."

"Hapana. Alisema pumuzika. Batatu tulisikia."

Aliutazama mlango wa daktari, nikaona anapima jambo. Siku zile haikuwa rahisi kwa muuguzi Mwafrika kuingia kwa daktari Mzungu kumwambia umekosea neno. Wengi wangeniambia tu fanya hivi, wakanyamaza. Yeye alivaa miwani, akagonga mlango, akaingia. Tulisikia Kifaransa chake, taratibu, bila kuinua sauti wala kuishusha. Kisha daktari akatoka. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mimi nilikuwa bado chini, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niinuke. Alichuchumaa, akanipa mkono akaniinua.

"Mi nilikosa," alisema. "Pumua. Pu-mu-a. Pole sana." Akatoa kijitabu chake, akamwomba Monsieur Kabeya amwandikie maneno yote mawili, moja juu ya jingine.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi. Huyo ndiye pekee niliyemwona akiomba msamaha kwa mtu aliyelala sakafuni. Hata hivyo hakunificha ukweli. Pafu lilikuwa limeshikamana na mbavu. Nikilifungua kutoka ndani kabla ya mvua, litafunguka kiasi. Nikichelewa, nitabaki hivi. Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma: daktari akikuambia jambo, lifanye palepale mbele yake, hata kama watu wanaangalia. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko wiki sita nilizopoteza mimi.

Monsieur Kabeya alinipa chupa mbili zilizounganishwa kwa mpira mwembamba. Moja ilikuwa na maji. Kazi yangu ilikuwa kupuliza mpaka maji yote yahamie chupa ya pili, kisha kuyarudisha. Baada ya hapo kusimama karibu na ukuta na kupandisha mkono wa kushoto, vidole vikitembea kama buibui, na Helena aweke alama ya makaa pale vilipofika. Mwisho, kupanda mahali palipoinuka, polepole, bila kusimama.

"Kwetu Kenya kuna kilima wapi?" nilimwuliza.

"Kichuguu haiko?"

Kilikuwapo. Nyuma ya nyumba zetu, penye uwanja, kilisimama kichuguu cha mchwa kirefu kuliko paa, chenye mti juu yake.

"Na yote unafanya inje," aliongeza. "Si mu moshi ya mbabula."

Asubuhi ya kwanza nilipuliza, maji hayakusogea hata kidogo. Nilipuliza tena mpaka macho yakatoa machozi. Viputo viwili tu. Majani uwanjani yalikuwa meupe kwa baridi, na chupa zilikuwa baridi kiasi cha kushikamana na vidole. Kichuguuni nilipanda hatua nne nikakaa. Marta alisema, "Mi nafika juu na nashuka mbele ya Yaya kufika," akafanya hivyo mara mbili, kuthibitisha.

Siku nane nilijikaza. Siku ya tisa niligoma. Nilivuta blanketi mpaka kichwani nikamwambia Helena leo ubavu unauma, kesho. Hakubishana nami. Nilisikia anafunika mkono wake kwa kitambaa, anainua mbabula, anatoka nayo. Marta akamfuata. Nyumba ikapoa mara moja kama kaburi.

"Helena! Rudisha moto!"

"Moto iko inje, Yaya. Ukiitaka, kuja."

Nilitoka nikiwa na hasira. Nilipuliza chupa kwa hasira hiyohiyo, na siku hiyo kwa mara ya kwanza maji yalipanda mpira yakadondoka upande wa pili, matone matano. Marta aliyahesabu kwa sauti. Majirani walitoka kuona ni nini kinachoshangiliwa, wakakuta matone matano.

Kuanzia hapo Helena alianza jambo ambalo sijamwona mtu mwingine akilifanya. Nilipokuwa napanda kichuguu, alimbeba Marta mgongoni, mtoto wa miaka saba mwenye miguu mirefu inayoburuza, akapanda kando yangu.

"Muweke chini, utaumia."

"Hapana. Nikipanda bila muzigo nitachoka nyuma yako, na nitakuambia 'enda, enda' kama muntu hajue maana ya kuchoka. Nataka tuchoke pamoja."

Hivyo ndivyo tulivyopanda mwezi wa sita na wa saba, wawili tukihema, wa tatu akitoa amri kutoka mgongoni. Helena alikuwa amemaliza kuchota maji na kuchemsha uji kabla ya hapo, na baadaye alikwenda shule kwa Masista. Alikuwa na vidole vilivyopasuka kwa baridi, akivipaka mafuta ya mawese usiku. Mimi, miezi hiyo miwili, sikuacha siku hata moja baada ya ile ya tisa, na watu wananisifu kwa hilo. Sifa yangu ni ndogo. Niliamka kwa kuwa kulikuwa na mtu ambaye tayari ameamka.

Mwisho wa mwezi wa saba nilifika juu bila kupumzika. Nilimwendea Monsieur Kabeya nikiwa nimenyoosha shingo.

"Napanda kichuguu nzima, Monsieur. Bila kusimama."

"Nzima?"

"Nzima."

Helena alikohoa kidogo. "Yaya, ile kichuguu bantu ya matofali banaikata. Tangu wiki tatu. Njo imepunguka."

Ilikuwa kweli. Katika kipwa watu hufyatua matofali, na udongo wa kichuguu ndio bora. Walikuwa wanakula upande wa nyuma, na kilele kilikuwa kimeporomoka bila mimi kutambua. Monsieur Kabeya alicheka mpaka akajishika kwenye mlango.

"Munaona! Yeye anapanda, kichuguu inashuka, banakutana katikati!" Kisha akapangusa macho. "Hakuna neno. Utapanda mara mbili. Baadaye mara tatu. Mpaka bamalize matofali yabo."

Nilikuwa na aibu, lakini nilipofika nyumbani niligundua kwamba nilikuwa nimetembea kutoka hospitali huku nikijitetea njia nzima, bila kukata sentensi.

Usidhani mambo yalipanda moja kwa moja. Mwezi wa nane upepo ulileta moshi wa majani yanayochomwa porini, na homa ikanirudia siku nne. Niliketi tena kwenye benchi, nikisogea nafasi moja moja kuelekea sindano, na nilimwomba Mungu maneno ambayo sitayaandika. Daktari aliingiza sindano. Haikutoa kitu. Alivuta tena, kavu. Alinionyesha bomba tupu kama mtu anayeonyesha zawadi. Helena alikuwa nje ya mlango, na nilipomwambia aliketi chini palepale, akaweka uso wake kwenye magoti. Ni mara pekee mwaka ule nilipomwona akilia. Kesho yake tulianza upya, matone machache, hatua chache.

Mwezi wa tisa miti ya porini ilitoa majani mekundu, na maji ya chupa yalihama yote kwa pumzi kumi na mbili. Alama za makaa ukutani zilikuwa zimepanda kama ngazi. Ya mwisho Helena aliiweka akiwa amesimama juu ya kiti. Salamu Maria niliisali nikivuta hewa mara moja tu katikati. Daktari alipiga picha ya kifua, akaitazama kwenye mwanga muda mrefu. Aliniandikia karatasi: arudi kazini, kazi nyepesi, asibebe magunia. Bulanjeri walinipa kupima madonge ya unga na kukata mikate. Nilirudi siku ya joto kali, harufu ya mkate ilinipokea mlangoni, nikaivuta mpaka chini, pale ambapo zamani palikuwa pamefungwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa. Jumapili Baba mdogo aliteremka kwenye kamyo ya samaki. Mimi na Helena tulimpokea. Nilimpa karatasi ya daktari. Aliikunja bila kuisoma, akanirudishia.

"Karatasi ni ya bantu ya ofisi," alisema. Akaelekeza kidole kwenye kitunga kikubwa cha samaki wa kukaushwa. "Beba. Tuende."

Nilikiweka begani, bega la kulia. Alitembea upesi, na njia ilikuwa ndefu. Hatua chache tu akaanza kuuliza. Mwalimu wa Katekismu angali hai? Anakaa wapi sasa? Nani alinunua nyumba ya jirani yetu wa zamani? Nieleze vizuri, mi nimesahau njia. Yeye, mtu wa maneno machache! Nilikuwa nimefika katikati ya jibu la tatu nilipoelewa. Alikuwa anasikiliza si habari, bali mahali ninapokata sauti.

Nilijibu yote. Sitasema ilikuwa rahisi. Kwenye kona ya soko ubavu ulinichoma, na nilirefusha jina la mtu mmoja ili nipate nafasi ya kuvuta hewa kwa pua. Helena alitembea nyuma yetu, na kila nilipopumua nilimsikia anapumua. Tulipofika nilishusha kitunga, nikakohoa. Baba mdogo alisubiri mpaka nimalize. Sikukohoa tena. Akaomba maji, akanywa kikombe chote amesimama.

Ndipo alipoona karibu na mlango vifurushi viwili vimefungwa kwa kitambaa. Hata mimi sikuwa nimeviona. Nilikuwa nimetoka asubuhi kwenda Misa, kisha moja kwa moja kwenye kamyo, Helena akanikuta huko.

"Hii ni nini?"

"Ni vitu, Baba," Helena alisema. "Kama mungetaka kuenda naye. Sikutaka Yaya anione nikifunga."

Baba mdogo aliinama akafungua kimoja. Gauni dogo, sweta dogo, nusu mkate. Akafungua cha pili. Gauni dogo tena, viatu vidogo vya Jumapili.

"Yote ni ya Marta. Vitu vyako viko wapi?"

"Viko ku kamba, vinakauka."

"Mi nilisema babili."

"Nilisikia, Baba." Hakuinua macho, lakini sauti yake haikutetemeka. "Lakini nani angemuamsha Yaya asubuhi?"

Baba mdogo alibaki amechuchumaa na kiatu kidogo mkononi. Nje Marta alikuwa anawafukuza kuku. Kisha akavirudisha vitu vyote sakafuni, bila kuvifunga, akashika kitunga cha samaki kwa mikono miwili, akakisukuma chote mbele ya miguu ya Helena, si upande wangu mimi niliyekibeba.

"Tafuta chombo cha kutia hawa samaki, mama," alimwambia. "Kamyo inarudi leo."